Pesa ya Duka Lako la Mtandaoni Inapita Mikononi mwa Nani?

Mfanyabiashara anayeuza vitenge, viungo, viatu au vipodozi kwa Instagram na WhatsApp hufika mahali ambapo namba yake ya simu haitoshi tena kupokelea malipo. Oda zinaingia usiku akiwa amelala. Wateja wawili wenye majina yanayokaribiana wanatuma kiasi kilekile. Mwingine anatuma skrinshoti ya muamala ambao haupo. Hapo ndipo anaanza kuulizia kampuni za malipo, na swali la kwanza kwa karibu kila mmoja ni hili: "Wanakata asilimia ngapi?"

Ni swali la haki, lakini likitangulia linapotosha. Kinachoamua kama biashara ndogo itapumua ni muda ambao pesa ya mteja inatumia kukufikia, nani anaishika katika muda huo, na nani utamkamata pale muamala utakapogoma. Makato ni sehemu tu ya hayo. Nimeona maduka yenye wateja wa kutosha yakikosa mtaji wa kuagiza mzigo mpya huku pesa yao halali ikiwa imekwama kwenye mfumo wa mtu mwingine, na wenye maduka hawajui hata wampigie nani.

Tuanze na namba binafsi, maana ndiko wengi waliko. Ukipokelea malipo ya biashara kwenye laini yako ya kawaida, mteja asiye mwaminifu anaweza kuchukua mzigo kisha akapiga simu kwa mtandao wake akidai kwamba alikosea namba. Mtandao huzuia kiasi hicho wakati madai yanachunguzwa. Mzigo umeshaondoka na bodaboda, na wewe ndiye unayetakiwa kujieleza. Zaidi ya hapo, pesa ya duka inachanganyika na ada ya mtoto na mchango wa harusi, na mwisho wa mwezi hakuna anayejua kama duka lilipata faida au lilikula mtaji.

Hatua ya kwanza ya kutoka hapo ni lipa namba. Nchini Tanzania mitandao yote mikubwa, yaani Vodacom, Airtel, Yas (iliyokuwa ikijulikana kama Tigo) na Halotel, inatoa namba za wafanyabiashara, na benki nazo zinatoa. Mteja akiingiza namba hiyo, jina la duka linatokea kwenye simu yake kabla hajaweka namba ya siri, kwa hiyo anajua anamlipa nani. Ukipata ile yenye alama ya TANQR, mteja anaweza kuiskani kwa programu ya mtandao au benki nyingine, kwa kuwa alama hiyo ni ya kiwango kimoja cha taifa. Nchini Kenya huduma kama hiyo ni Lipa na M-Pesa, iliyoanza mwaka 2013, na kwa wauzaji wadogo kabisa ipo Pochi la Biashara, inayotenganisha pesa ya biashara na ya nyumbani kwenye laini ileile.

Hapa kuna jambo dogo linalosahaulika, nalo lina faida kubwa kwa muuzaji wa mtandaoni. Namba za biashara ziko za namna mbili. Ipo ile ambayo mteja anaweka namba ya duka na kiasi, basi. Ndiyo lipa namba ya kawaida, na Kenya ndiyo namba ya till. Ipo pia ile inayomtaka mteja aweke namba ya kampuni pamoja na kumbukumbu namba, kama anavyofanya akilipia king'amuzi. Kenya inaitwa Paybill. Duka la mtaani halihitaji ya pili, kwa sababu mteja amesimama mbele yako. Duka la mtandaoni linaihitaji mno: kila oda ikipewa kumbukumbu yake, malipo yanajitambulisha yenyewe na huna haja ya kumuuliza mtu, "Wewe ndiye uliyetuma elfu arobaini saa tatu?" Ukienda kufungua namba, taja wazi kwamba unataka wateja waweze kuweka kumbukumbu. Usipotaja, utapewa ile ya dukani.

Lipa namba inatosha mpaka lini? Kwa maoni yangu inatosha mpaka siku ambayo kukagua miamala kwa macho kunaanza kula muda wa kufungasha mizigo. Muuzaji mwenye oda chache kwa siku hana sababu ya kujifunga na mkataba wa kampuni ya malipo. Namba yake na daftari vinamtosha, mradi ashike kanuni moja bila huruma: mzigo hautoki kwa meseji wala kwa skrinshoti, unatoka kwa salio. Meseji za kughushi zinafanana na za kweli mpaka nukta ya mwisho, na matapeli huzituma saa za pilikapilika, mara nyingi jioni, bodaboda akiwa tayari mlangoni. Fungua menyu ya akaunti yako ya biashara, tazama muamala wenyewe, ndipo umkabidhi mtu mzigo. Ukitumiwa meseji ya kitapeli, namba iliyoituma unaweza kuipeleka kwenda 15040 nchini Tanzania; Kenya, kwa wateja wa Safaricom, ni 333.

Duka linapohitaji kulipwa lenyewe

Ukishakuwa na tovuti, au oda zikishakuwa nyingi, unahitaji mfumo unaothibitisha malipo bila wewe kuwepo. Utendaji wake si mgumu kuuelewa, na ukiuelewa hutadanganywa na muuzaji wa huduma. Mteja anachagua bidhaa, anaandika namba yake ya simu, na ombi la malipo linajitokeza kwenye simu yake likimtaka aweke namba ya siri. Akishaweka, mtandao wa simu unaiarifu kampuni ya malipo, kampuni inaiarifu tovuti yako, na oda inageuka kuwa imelipwa. Wakenya wanaliita ombi hilo STK push, na Safaricom ilifungua mfumo wake wa Daraja mwaka 2017 ili watengenezaji programu wauunganishe na tovuti zao moja kwa moja.

Tanzania soko limegawanyika zaidi. Wateja wako wako kwenye mitandao minne au mitano, na kusaini mkataba na kila mtandao peke yake ni kazi ya miezi kwa mtu mwenye duka dogo. Ndiyo maana wengi hupitia kampuni ya katikati iliyokwisha kujiunganisha na mitandao yote, na mara nyingi na kadi za Visa na Mastercard pia. Majina utakayokutana nayo katika ukanda huu ni pamoja na Selcom, Pesapal, DPO Pay, AzamPay, ClickPesa na Flutterwave. Benki kubwa kama CRDB na NMB nazo zina mifumo yao ya kupokelea kadi mtandaoni. Sitakuambia ipi ni bora, kwa sababu bei na masharti hubadilika, na kampuni inayomfaa muuzaji wa tiketi za safari Arusha inaweza isimfae kabisa mama anayeuza mkaango wa dagaa Mwanza. Nitakuambia cha kuwauliza.

Kabla ya yote, waulize leseni. Tanzania ina Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na anayetoa huduma za malipo anapaswa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2011, chini ya Benki Kuu ya Kenya. Benki zote mbili hutangaza orodha za waliopewa leseni kwenye tovuti zao. Tafuta jina la kisheria la kampuni, maana jina la kibiashara lililo kwenye tangazo linaweza kuwa tofauti na lililosajiliwa. Kampuni ikikujibu kwamba inafanya kazi "chini ya leseni ya mshirika", mwombe jina la mshirika huyo kwa maandishi na ulitafute nalo.

Leseni ina uzito kwa sababu kwa siku moja, tatu au saba, pesa yako inakuwa mikononi mwa kampuni hiyo. Salio lililo kwenye pochi za simu kisheria hukaa kwenye akaunti maalumu benki, zilizotengwa na mali za kampuni ya simu. Muulize mtoa huduma wako: pesa za wafanyabiashara zinakaa akaunti gani, ya benki gani, na kampuni ikifilisika zinahesabiwa ni za nani? Usione haya kuuliza. Juni 2020 kampuni kubwa ya malipo ya Ujerumani, Wirecard, ilikiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizokuwa kwenye vitabu vyake huenda hazikuwahi kuwepo, na ndani ya siku chache ikaomba kufilisiwa. Uingereza, mamlaka ya udhibiti ilisimamisha kwa muda kampuni yake tanzu, na watu waliokuwa na pesa kwenye kadi na programu zilizoitegemea wakakaa siku kadhaa bila kuzigusa. Hiyo ilikuwa kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa, yenye wakaguzi wa hesabu wa kimataifa. Basi kwa kampuni ya aina yoyote, usigeuze salio lako kule kuwa akiba. Hamisha pesa kwenda benki kila inaporuhusiwa.

Hesabu ya makato ifanyike kwa oda zako mwenyewe

Sasa tuje kwenye asilimia. Tuseme unauza oda 30 kwa mwezi, kila moja shilingi 30,000, jumla 900,000. Kampuni ya kwanza inakata asilimia 2.5 na kuhamishia pesa benki kila siku bila malipo. Kampuni ya pili inakata asilimia 1.5 tu, lakini kila uhamisho wa kwenda benki ni shilingi 5,000. Kwa ya kwanza utalipa 22,500. Kwa ya pili makato ni 13,500, ila ukihamisha mara nne kwa mwezi unaongeza 20,000, jumla 33,500. Ile iliyoonekana rahisi imekuwa ghali kwa shilingi 11,000. Unaweza kuhamisha mara moja tu kwa mwezi ukalipa 18,500, lakini sasa mtaji wako umelala mwezi mzima usiku na mchana bila kuzunguka, na kwa duka dogo hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote.

Angalia pia makato yenye kiasi maalumu juu ya asilimia. Asilimia 3 na shilingi 500 kwa kila muamala ni 6,500 kwenye oda ya laki mbili, sawa na asilimia 3.25, na hilo linavumilika. Lakini kwenye oda ya shilingi 5,000 ni 650, yaani asilimia 13. Muuzaji wa hereni, stika au vitabu vya hadithi vya watoto akikubali bei ya namna hiyo anafanya kazi kwa ajili ya kampuni ya malipo. Chukua oda zako za miezi mitatu iliyopita, ziandike kwenye karatasi, na uzipitishe kwenye bei za kila kampuni. Kazi hiyo inachukua jioni moja, na inakupa jibu ambalo hakuna tangazo litakalokupa.

Kuna gharama nyingine zinazojificha, na ni vizuri uziulize kwa majina: ada ya kuunganishwa, ada ya kila mwezi hata usipouza kitu, ada ya kumrudishia mteja pesa yake. Hiyo ya mwisho ina ncha mbili. Ukimrudishia mteja shilingi 40,000 kwa sababu rangi haikumpendeza, je, makato ya awali nayo yanarudi, au umeyapoteza? Kampuni nyingi hazirudishi. Muuzaji wa nguo, ambaye wateja wake hubadilisha saizi kila wiki, aliangalie sana jambo hili, na ikiwezekana aandike kwenye duka lake kwamba nguo hubadilishwa kwa nguo nyingine badala ya kurudishiwa pesa.

Kadi za nje zinaleta swali la sarafu. Ukiwa Zanzibar unauza karafuu, mafuta ya nazi au makawa kwa ndugu walioko Muscat, London au Toronto, malipo yao yataingia kwa kadi. Uliza kampuni inabadilisha dola kuwa shilingi kwa bei gani, na nani anaipanga. Bei iliyo chini ya soko kwa asilimia mbili ni makato ya asilimia mbili, hata kama hayakuandikwa popote kwenye orodha ya ada. Na ukumbuke kwamba kanuni zilizoanza kutumika Tanzania Machi 2025 zinakataza kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma zinazouzwa ndani ya nchi. Tovuti yako ionyeshe bei kwa shilingi. Tovuti nyingi zilizojengwa kwa violezo vya nje zina dola tangu siku ya kwanza, na mwenye duka hajawahi kubadilisha.

Niguse kidogo kampuni za kimataifa, maana vijana wengi huzisikia kwenye video za Marekani na kudhani kwamba bila hizo hakuna biashara. Stripe haifungui akaunti kwa biashara zilizosajiliwa Tanzania wala Kenya. Iliinunua Paystack ya Nigeria mwaka 2020, na Paystack ndiyo inayohudumia wafanyabiashara wa Kenya. PayPal Kenya inaruhusu kupokea malipo, na pesa inaweza kushuka hadi M-Pesa, lakini akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania kwa muda mrefu imekuwa ya kulipia tu. Wapo wanaozunguka kikwazo hicho kwa kutumia jina na anwani ya ndugu aliye nje. Nakusihi usifanye hivyo. Mfumo ukigundua kwamba akaunti ya mkazi wa Uingereza inaendeshwa kila siku kutoka Sinza, Dar es Salaam, unaifunga na kushikilia salio, na wewe huna hati hata moja ya kuthibitisha kwamba pesa ni yako.

Yale yanayoharibu uhusiano na mteja

Kuna mambo mawili ambayo huwezi kuyaona kwenye orodha ya bei, na ndiyo yanayowafanya wateja wasirudi.

La kwanza ni jina linalotokea kwenye simu ya mteja. Amechagua viatu kwenye duka linaloitwa, tuseme, Zuhura Viatu. Ombi la malipo linakuja likitaja kampuni ya katikati ambayo hajawahi kuisikia. Wateja wetu wameonywa mara elfu kuhusu matapeli. Wengi watabonyeza "ghairi", na wana haki. Omba kuonyeshwa ombi halisi kwenye simu halisi kabla hujasaini. Kama jina la duka lako haliwezi kuonekana, basi andika kwenye ukurasa wa malipo, kwa maandishi makubwa, kwamba mteja ataona jina la kampuni fulani na kwamba kampuni hiyo ndiyo wakala wako wa malipo.

La pili ni malipo yanayoning'inia. Mteja amekatwa pesa, lakini tovuti yako inasema oda haijalipwa, kwa sababu taarifa ya kutoka kwenye mtandao imechelewa au imepotea njiani. Mteja anapaniki, analipa tena, sasa amelipa mara mbili na oda ni moja. Hili hutokea kwa kampuni zote, nzuri na mbaya. Tofauti yao ni namna wanavyolishughulikia. Waulize: mfumo wenu unaniruhusu kuuliza hali ya muamala mmoja mmoja? Muamala ulioning'inia mnaumaliza ndani ya muda gani? Jumapili saa mbili usiku nikipiga simu, nani anapokea? Kisha jaribu. Piga simu hiyo Jumapili kabla hujawa mteja wao. Kampuni isiyopokea simu ya mtu anayetaka kuwaletea biashara haitapokea simu ya mtu mwenye malalamiko.

Majaribio yenyewe yafanye kwa pesa ya kweli, kiasi kidogo, na kwa laini za mitandao yote inayotumiwa na wateja wako. Usijaribu malipo yanayofanikiwa tu. Weka namba ya siri isiyo sahihi. Lipa ukiwa na salio pungufu. Ghairi katikati. Acha ombi lijifie bila kulijibu. Zima data mara tu baada ya kuweka namba ya siri. Tazama tovuti yako inasema nini katika kila hali, na kama lugha yake inaeleweka kwa mteja wa Tabora anayesoma Kiswahili. Kisha rudisha pesa ya muamala mmoja na uhesabu inachukua muda gani kufika. Kama fundi wako wa tovuti anaona majaribio haya ni mengi, tafuta fundi mwingine.

Jiwekee njia ya pili ya kupokea malipo. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisuasua Afrika Mashariki nzima, na Tanzania iliumia zaidi. Menyu za nyota na reli ambazo watu hupiga kwa simu za kitochi hazihitaji intaneti. Muuzaji aliye na lipa namba iliyoandikwa kwenye picha za bidhaa zake anaweza kulipwa hata ukurasa wake wa malipo usipofunguka. Na kwa Wakenya wanaouza vitu vya bei kubwa: muamala mmoja wa pesa ya simu una kikomo cha shilingi 250,000 za Kenya, kwa hiyo samani au vifaa vya sola vya zaidi ya hapo vinahitaji njia ya benki au kadi.

Kadi zina jambo lake ambalo pesa ya simu haina kwa kiwango hicho: mwenye kadi anaweza kwenda benki yake wiki nyingi baada ya kununua na kudai kwamba hakufanya muamala, au kwamba mzigo haukufika. Benki yake ikikubali, pesa inatolewa kwako, na mara nyingi unatozwa na ada ya usumbufu. Kinga yako ni ushahidi: risiti ya msafirishaji, sahihi ya mpokeaji, picha, mazungumzo. Vihifadhi kwa miezi sita angalau. Hakikisha pia kampuni yako inatumia uthibitisho wa hatua ya ziada, ule ambao benki humtumia mwenye kadi namba ya kuthibitisha, kwa sababu muamala uliopita hapo kwa kawaida haukuangukii wewe mwenye duka pale inapodaiwa kwamba kadi iliibiwa. Soma vilevile kama mkataba unawaruhusu kuzuia sehemu ya mauzo yako kama kinga ya madai hayo, ni asilimia ngapi, na inaachiwa lini.

Namba za kadi za wateja usizipokee kamwe, hata mteja akikutumia mwenyewe kwa WhatsApp kwa moyo mweupe. Ufute ujumbe huo na umtumie kiungo cha malipo. Kampuni za kadi zina kiwango chao cha usalama, PCI DSS, na njia rahisi ya duka dogo kukitimiza ni kumpeleka mteja alipie kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo yenyewe, ili namba za kadi zisiguse tovuti yako kabisa. Ile namba ya tarakimu tatu nyuma ya kadi hairuhusiwi kuhifadhiwa na duka lolote baada ya muamala. Majina, namba za simu na anwani za wateja nazo zinalindwa na sheria: Kenya tangu 2019, Tanzania kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mpango wa kuuza orodha ya wateja wako, au kampuni ya malipo kuwatangazia biashara nyingine bila ridhaa yao, usikubali.

Mkataba na hesabu za kodi

Andaa hati mapema ili usicheleweshwe: namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, cheti cha usajili, ambacho Tanzania Bara hutolewa na BRELA, kitambulisho cha taifa na akaunti ya benki yenye jina lilelile la biashara. Majina yasipolingana herufi kwa herufi, maombi hurudishwa.

Mkataba usome wote. Tafuta orodha ya bidhaa wasizozihudumia. Virutubisho, dawa za asili, michezo ya kubahatisha na sarafu za kidijitali hukataliwa mara kwa mara, na muuzaji wa vipodozi vyenye maelezo ya tiba anaweza kujikuta akaunti imefungwa bila kujua kosa lake. Tafuta kipengele cha kufunga akaunti: wanatakiwa kukupa taarifa siku ngapi, na salio linashikiliwa kwa muda gani? Tafuta kipengele cha wewe kuondoka: je, utapewa kumbukumbu zako zote za miamala kwenye faili unaloweza kulifungua? Ahadi ya mdomo ya afisa masoko, hata akiwa mtu mwema, haina nguvu mbele ya karatasi. Mwombe aiandike kwenye barua pepe.

Kuhusu kodi, mauzo yako ni kiasi alicholipa mteja, kabla ya makato. Mteja akilipa 40,000 na wewe ukapokea 39,000, umeuza 40,000 na kutumia 1,000 kama gharama ya biashara. Ukiandika kilichoingia benki tu, vitabu vyako havitalingana na kumbukumbu za kampuni ya malipo, na kumbukumbu hizo mamlaka ya kodi inaweza kuzidai. Kwa hiyo hakikisha ripoti ya kampuni inaonyesha kwa kila oda kiasi kamili, makato, na uhamisho ambao oda hiyo imejumuishwa ndani yake. Ripoti inayotoa jumla ya siku peke yake itakutesa wakati wa kufunga hesabu. Wajibu wa kutoa risiti unabaki kuwa wako. Meseji ya muamala haichukui nafasi yake.

Ushauri wangu kwa mwenye duka anayeanza leo ni huu: chukua lipa namba inayopokea kumbukumbu, ifanyie kazi miezi michache, ujue oda zako ni ngapi na za kiasi gani. Zikizidi uwezo wa macho yako, zungumza na kampuni mbili zenye leseni, zipige hesabu kwa oda zako, na uchague ile inayokufikishia pesa mapema na kupokea simu, hata kama inakata kidogo zaidi. Kadi ziongeze pale wateja wa nje watakapokuwepo kweli.

Na pesa ikikwama, andika. Peleka malalamiko kwa kampuni kwa barua pepe ukitaja namba ya muamala, tarehe, saa na kiasi, na udai namba ya kumbukumbu ya malalamiko yako. Wasipokujibu, au wakikujibu kwa maneno matupu, Benki Kuu ya Tanzania ina kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 na dawati linalopokea malalamiko yaliyoshindikana kwa mtoa huduma. Litakuuliza kwanza kama ulilalamika kwao na walikujibu nini, kwa hiyo hifadhi kila barua.